Ndoo moja dakika 6 na sekunde 40: kisa cha milingoti ya bondeni kwetu Mufindi

Niliipima mwenyewe kwa simu. Ilikuwa Oktoba 2018, saa 11 alfajiri, nimekaza koti mpaka shingoni, ndoo ya lita 20 nimeitega chini ya ule mwanzi uliopasuliwa wanaoutumia kama bomba pale kwenye jicho la chemchemi, nikabonyeza saa. Ikajaa baada ya dakika 6 na sekunde 40. Nyuma yangu foleni ya ndoo kama thelathini, zingine wenyewe wapo wamejifunika khanga, zingine zimewekewa jiwe tu kushika nafasi. Nikapiga hesabu hapohapo nimechuchumaa: kwa mwendo ule, hata mkikinga usiku na mchana bila kupumzika mnapata ndoo 216 kwa siku, na kitongoji kina kaya 43, yaani kila kaya ndoo 5 za kupikia, kufulia, kuogesha watoto, na nguruwe nae anywe. Na hapo ni kama mtagawana sawa, kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye foleni yoyote ya maji.

Hiki kisa nakieleza kwa urefu maana kila nikisikia mtu anasema "utunzaji wa mazingira unaanza na mimi" huwa nalikumbuka bonde letu. Pale ilianza kweli na mtu mmoja, ila haikwenda kama mabango yanavyosema.

Kitongoji chetu kipo Mufindi, upande ule ambao maji yake yanashuka kwenda Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo ndo huohuo unaopita Iringa mjini na kuunywesha mji, ukaenda kukutana na Ruaha Mkuu, maji yakaingia Mtera, yakashuka Kidatu, mwisho Rufiji. Kwa hiyo kijito chetu ambacho mtoto wa darasa la pili anakiruka bila kulowa kina safari ndefu kuliko wengi wetu tuliozaliwa pale. Zamani bonde lote lilikuwa vinyungu, yaani vishamba vya bondeni vya kulima kiangazi. Kiangazi, milimani kumekauka kabisa, ukishuka bondeni unakuta mahindi mabichi, maharage, kabichi, maboga, na pembeni mianzi ya kugema ulanzi, pombe yetu. Mtu akikuambia ana kinyungu ujue Septemba hakuna njaa kwake.

Afu ukaja upepo wa miti. Kuanzia kama 2008 hivi kila mtu Mufindi na Njombe alikuwa anapanda miti, mwalimu anapanda, mchungaji anapanda, wakubwa wa Dar wanakuja na magari kununua vilima, na hesabu ilikuwa tamu: mlingoti, yaani mkaratusi, unaotunzwa vizuri unafika kuwa nguzo ya umeme ndani ya miaka kumi na kitu, na umeme wa vijijini ulikuwa unasambazwa kwa kasi. Mti ni benki, ndo walikuwa wanasema. Milimani ikajaa mipaina, milingoti ikasogea, ikasogea, mpaka ikaingia bondeni kwa sababu bondeni udongo una unyevu na mti unakua kama umetukanwa. Vinyungu tisa vinavyozunguka ile chemchemi vikageuka mashamba ya milingoti. Wenye mashamba tisa, wanne wanaishi palepale kijijini, watano tupo mjini huko.

Ndiyo, nimesema tupo. Mimi naishi Uyole, Mbeya, nauza pembejeo, na kwenye wale tisa mimi ni mmoja. Nilirithi kipande cha mzee, 2011 nikatuma hela bamdogo akanipandia milingoti 64, nikawa najisikia mtu mwenye akili, yaani mwenzenu nina bima.

Kuhusu kujua, tulijua. Wazee walisema toka mwanzo kwamba mlingoti unakunywa maji, na sio imani za kienyeji: ni mti unaokua haraka, majani mwaka mzima, mizizi inashuka chini sana, na kiangazi mimea mingine ikipumzika wenyewe unaendelea kuvuta. Ukiupanda kilimani juu penye udongo mkavu hasara yake sio ileile, ila ukiupanda kwenye mdomo wa chemchemi ni sawa na kumkaribisha mlevi alale stoo ya pombe. Kilichotuchanganya, au tuseme kilichotupa kisingizio, ni kwamba kupanda miti ni jambo jema. Toka tuko shule tunaimbishwa kata mti panda mti. Halmashauri inapangiwa lengo la miche milioni moja na nusu kwa mwaka, inayohesabiwa ni idadi, mti gani na umepandwa wapi hilo linakuja baadae kama linakuja. Mtu aliyejaza milingoti kwenye chanzo cha maji anaweza kabisa kusimama kwenye mkutano akapigiwa makofi kama mtunza mazingira, na pale kijijini nimeshaliona hilo kwa macho yangu.

Maji yakaanza kupungua kidogokidogo, kina mama wakawa wanaamka saa 11, afu saa 10, afu saa 9 usiku. Na hapa naomba uangalie vizuri maana ndo kiini cha kisa chote: wenye miti, wote tisa, ni wanaume, wanaoshika ndoo wote ni wanawake na watoto. Anayepata hela ya nguzo sio anayeamka saa 9. Sisi watano wa mjini ndo kabisa, tunafungua bomba, maji haya hapa. Ukituuliza kila mmoja alikuwa na jibu lake na majibu yote yalifanana. Mimi nikikata vyangu 64 peke yangu itasaidia nini wakati fulani ana 300. Yule mwenye 300 anasema mbona juu kule kuna shamba la tajiri mmoja eka mia, waanze wale. Tukisubiriana hivyo miaka inaenda, na cha ajabu kila mmoja yupo sahihi kwenye hesabu yake, kweli ukikata peke yako hupati hata kikombe.

Agosti 2017 bamdogo akakata. Yeye ndo mwenye kipande kilichopakana kabisa na jicho la maji, miti 118, ina miaka nane. Dalali alishapita akamwambia asubiri miaka mitatu minne atamlipa elfu 30 kwa kila mti utakaofaa kuwa nguzo. Tuseme ingefaa 70 tu, hiyo ni milioni mbili na laki moja. Yeye akaita kijana mwenye chenso, ule msumeno wa mashine, siku mbili kazi imeisha, akauza kama mirunda ya ujenzi kwa 2,500 mmoja, akapata laki mbili na elfu 95 na hapo hajamlipa wa chenso. Hakumwambia mtu kwa nini. Bamdogo ni mtu wa hivyo, maneno yake unaweza kuyahesabu, ukimsalimia kamwene anaitika anapita.

Sasa mnadhani kijiji kilielewaje? Walisema ameishiwa. Wengine wakasema ada ya mtoto imembana, wengine wakasema anaumwa anajitayarisha, jirani mmoja akanipigia simu kunipa pole. Mtu katoa sadaka ya milioni na laki nane kwa ajili ya maji ya kijiji kizima na kijiji kikamuonea huruma kama mtu aliyefilisika. Hakuna hata mmoja aliyemfuata, na kwa nini wamfuate, nani anamuiga aliyefilisika? Mimi kwa maoni yangu hili lilikuwa kosa lake kubwa na nimeshamwambia, yeye anasema kujitangaza ni ushamba. Labda. Ila mtu akifanya jambo la wote kimyakimya watu wataliwekea maana yao, na maana yao huwa ndo ile inayowaruhusu waendelee walivyo.

Pigo la pili likaja na mvua. Mwezi wa 12 nikaenda nyumbani sikukuu, nikakuta visiki vyote vimechipua, kila kisiki kina machipukizi manne matano yamefika kiunoni, majani yale ya rangi ya kijivukijivu yanang'aa utafikiri yanatucheka. Mlingoti hauuwawi kwa kukatwa, ukiukata unakuwa umeuamsha, tena yanayochipua yanakuta mizizi ya miaka nane tayari ipo chini kazini. Ilibidi amuulize bwana misitu wa kata, ndo akaelekezwa: kata kisiki chini kabisa usawa wa udongo, bandua magome kuzunguka chote mpaka yanapozama ardhini, funika na udongo, na kila mwezi pita na panga kuvunja yanayojitokeza mpaka mzizi uishiwe akiba. Kung'oa visiki pale kwenye jicho la maji akakatazwa, udongo utabomoka na matope yataziba njia. Visiki 118. Alifanya mwenyewe na mama mdogo, jioni baada ya shamba, karibu mwaka na nusu. Hii ndo sehemu ambayo haipigwi picha.

Pigo la tatu ndo hiyo Oktoba 2018 niliyoanza nayo. Miti ya bamdogo haipo mwaka mzima na maji yamepungua zaidi. Pale kwenye foleni nikasikia kijana mmoja anasema kwa sauti ya kuhakikisha tunasikia, haya si mlisema milingoti, mbona imekatwa na maji hayajarudi? Sikuwa na jibu. Na nitakiri kitu, moyoni nilifurahi kidogo, maana kama kukata hakusaidii basi 64 zangu zibaki.

Nilirudi Mbeya nikamuuliza jamaa yangu mmoja aliyesomea misitu chuo cha Olmotonyi. Akanieleza habari ya Mokobulaan, Afrika Kusini, ambako watafiti walichukua bonde dogo la nyasi wakalipanda milingoti 1969 na kuwa wanapima kijito chake. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ikakatwa ikiwa na miaka 16, na pamoja na kukatwa yote, kijito hakikurudi kutiririka kama zamani mpaka ilipopita miaka mitano. Sababu ni kwamba miti ilishakunywa mpaka akiba ya chini kabisa ardhini, kwa hiyo mvua ikinyesha inaanza kwanza kulipa lile deni la chini ndo baadae uone kitu juu. Wenzetu huko walilichukulia uzito, toka 1995 serikali yao ina mpango wa kuajiri watu kukata milingoti, miwati na mipaina iliyovamia vyanzo vya maji.

Nikakaa kimya nikatafakari. Bonde letu lilikuwa na mashamba tisa, limekatwa moja, limesubiriwa mwaka mmoja. Yaani tulikuwa tumemhukumu bamdogo kwa mtihani ambao hata angekata yote tisa asingeufaulu kwa muda ule. Hasara inakuja siku ya chenso, faida inakuja baada ya watu kusahau nani alikata. Mambo mengi ya mazingira yako hivyo na ndo maana anayeanza anaonekana mjinga, wala sio kwamba watu wana roho mbaya.

Na bado sikukata. Msinione nimeelewa mkadhani nilikimbia kukata, nilijipa sababu ya bei.

Kilichogeuza mambo ni shangazi. Novemba hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa kijiji, ajenda ya maji, mwenyekiti kafika na maneno yake ya tutalifanyia kazi, mtendaji kasoma kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinachokataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi yake, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, watu wakaguna. Waligunia kitu cha kweli. Sisi eka tunapima hatua 70 kwa 70, sasa mita 60 maana yake mtu mwenye eka moja ya bondeni anabakiwa na kipande cha kuweka banda la kuku. Sheria ilikuwepo miaka 14 na sikumbuki mtu hata mmoja aliyeisimamia pale, kwa sababu aliyetakiwa kuisimamia ni kamati ambayo wajumbe wake wawili walikuwa na milingoti humohumo bondeni.

Shangazi akasimama. Nilisimuliwa, sikuwepo. Akasema, mnamuona huyu mdogo wangu mnamcheka ameishiwa, huyu alikataa milioni mbili ili mimi nisiamke saa 9, na nyie wenye miti naomba kesho saa 9 kila mmoja aje kukinga maji ya nyumbani kwake mwenyewe, sio mke wake, yeye. Wakacheka. Akasema sitanii. Na kesho yake kina mama wengi wa kitongoji hawakwenda kisimani. Sio mgomo wa mabango, walilala tu. Siku nne. Wanaume wanne wenye mashamba wa palepale walikaa foleni na ndoo zao, siku ya tatu mmoja wao, yule mwenye 300, akamwambia bamdogo nioneshe unavyobandua hivyo visiki.

Mimi nilipigiwa simu. "Kamwene mwanangu, hujambo? Mimi sikudai hela. Nataka kujua hiyo miti yako inakunywa maji ya nani." Akakata. Shangazi hajawahi kunikatia simu maisha yangu yote.

Kwenye mkutano uliofuata wakakubaliana hatua 30 kwanza, sio mita 60, kila mwenye shamba akate ndani ya hatua 30 kabla ya kiangazi cha 2019 kuisha, zilizobaki atavuna zikikomaa na hapandi tena. Jamaa yangu wa misitu alikasirika aliposikia, akasema mmeikata sheria nusu. Ni kweli na sina utetezi wa kisheria. Ila mita 60 za kwenye karatasi zilikuwa hazijaangusha hata mti mmoja na hizi hatua 30 ziliangusha zaidi ya 700 kwa msimu mmoja, kwa mgowe, watu wanakata shamba la huyu leo la yule kesho, ulanzi kwenye ndoo pembeni. Mimi nilienda Agosti 2019. Kwangu zilizoingia kwenye hatua 30 ni 41, na nilipoona 23 zilizobaki zimesimama zenyewe kama meno ya mzee nikamwambia kijana wa chenso amalizie. Nisiseme uongo, nilifanya hivyo shangazi akiwa amesimama pale.

Kwenye nafasi zikapandwa mivengi na mikuyu. Mvengi ni ndugu yake zambarau, unapenda kukaa na maji na haujulikani kwa kuyamaliza, matunda yake meusi watoto wanayagombania, ubaya wake haukuletei hela ya maana ndo maana hakuna dalali aliyewahi kuusifia.

Matokeo? Oktoba 2020 ndoo ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 50. Watu wakashangilia, mimi nikawaambia subirini, kwa sababu mvua za 2019 kuingia 2020 zilikuwa kubwa nchi nzima, hata ambao hawakukata kitu visima vyao vilijaa. Oktoba 2021 dakika 3 na sekunde 35. Oktoba 2022, baada ya mwaka ambao mvua zilisumbua sehemu nyingi, dakika 3 na sekunde 40. Hii ya mwisho ndo ninayoiamini, maana ilikuwa mwaka mbaya na bado tulikuwa karibu mara mbili ya 2018. Lakini vipimo vya ndoo na simu mara moja kwa mwaka sio utafiti, na kama ungenibana ungeniuliza mashamba ya juu yamebadilika nini katikati hapo, ningekwambia tajiri wa eka mia nae alivuna robo yake 2020 kwa mipango yake, hata hajui kama sisi tupo.

Kwa hiyo bamdogo alichangia lita ngapi? Ukimchukua yeye peke yake na miti yake 118, labda hazionekani kwenye ndoo. Alichokifanya ni kingine, alitunyang'anya lile neno la "mbona fulani hajakata". Shangazi asingekuwa na mtu wa kumnyooshea kidole pale mkutanoni angeongea nini, angesema sheria, na sheria walishaisikia wakaguna. Na bila shangazi bamdogo angekufa akijulikana kama mtu aliyeuza miti kwa kuishiwa.

Kati ya tisa amebaki mmoja. Yupo Dar, miti yake 80 na kitu, wa karibu kabisa upo hatua 14 kutoka kwenye jicho la maji, nimeipima. Simu anapokea vizuri tu, anaongea kwa heshima, anasema mkuu nimekuelewa, ngoja nguzo zikomae. Kamati ina haki ya kumpeleka mbele na mtendaji anasema barua imeandikwa. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani nilimkuta bamdogo na panga anavunja machipukizi kwenye visiki vyangu, sita hivi vilivyogoma kufa, sikuwa nimemuomba. Nikamwambia bamdogo acha nitafanya mwenyewe. Akanipa panga, akaenda kukaa kwenye jiwe.

Yule dalali wa nguzo nae alipita wiki hiyohiyo, akauliza ile miti ya mtu wa Dar ni ya nani.